Mstari wa Chini Kabisa

Simu ililia mfukoni mwa Oumnia wakati mikono yake yote miwili imeshika sinia ya chai. Alijua ni mama yake hata kabla ya kuitazama. Hakuna mtu mwingine anayepiga simu namna ile. Akikosa hupiga tena, akikosa hupiga tena, kama mgeni anayegonga mlango wa nyumba na huku anasikia watu ndani.

Aliitua sinia juu ya meza ya banda, akageukia upande wa turubai.

"Naam, Mama."

"Dengu ziko wapi?"

"Mama, niko kazini. Makampuni hamsini na mbili yamejaa hapa uwanjani, watu wanakanyagana..."

"Makampuni hayali kuskusi. Mama yake Marouane anakula. Dengu za kesho hulowekwa leo, na mimi sizioni."

"Rafu ya juu, nyuma ya kopo la zeituni."

Kiti kikaburutwa, kopo likagongwa. "Ehe, nimeziona. Tutakuwa watano, sivyo? Yeye, mama yake, mjomba wake, mimi na wewe."

"Watano, Mama."

"Huyo mjomba ana meno?"

"Sijamhesabu meno, Mama!"

"Usicheke. Mgeni asipoweza kutafuna, aibu ni ya mpishi." Kisha sauti ya mama yake, Lalla Zhor, ikashuka, ikawa ile ya chumbani. "Oumnia, mwanangu. Neno la huyo kijana ni lile lile?"

"Ni lile lile."

"Basi na langu ni lile lile. Sukari yake ya posa itavuka kizingiti changu kwa sharti moja. Mtalala upande huu wa bahari, nyote wawili, nikiumwa nikuite uje na kandambili. Mmoja nilishaipa bahari. Inatosha."

Huyo mmoja alikuwa Anouar, kaka yake Oumnia. Alikwenda Lille, Ufaransa, kwa miaka miwili. Sasa ulikuwa mwaka wa kumi na moja, na chumba chake pale Salé bado kilikuwa na kitanda kilichotandikwa.

Oumnia aliirudisha simu mfukoni, akainyoosha skafu yake ya zambarau. Wanakamati wote walivaa rangi hiyo, wasichana skafu, wavulana tai. Siku mbili hizi chuo chao cha uhandisi pale Rabat kilikuwa mikononi mwa wanafunzi, na hakuna mwalimu aliyeshika hata kamba ya hema. Wao ndio waliozunguka mwaka mzima wakibisha hodi kwenye ofisi za Casablanca na Tangier, wao ndio walioandika barua, wakafukuzwa na walinzi, wakarudi tena, mpaka makampuni yakakubali kuja kukaa chini ya mahema na kuzungumza na wanafunzi wanaotafuta kazi. Kila banda lilikuwa na mwenyeji wake. Oumnia alipewa banda la kumi na saba, la wajenzi wa madaraja kutoka Lyon, huko huko Ufaransa, na aliijua chai ya kila mmoja wao, nani na sukari, nani bila.

Kazi yake kubwa zaidi ilikuwa kitabu. Kila mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho alileta ukurasa mmoja wenye picha yake, masomo yake, alichowahi kufanya na anachotafuta. Oumnia alizikusanya kurasa zote, akazisahihisha, akazipeleka kwa mchapaji, na kila kampuni ikapewa nakala yake. Lakini wanakamati wenyewe walikuwa na sheria yao, ya zamani kuliko mahema. Mwanakamati haendi kwenye banda kujitafutia kazi mpaka saa ya mwisho ya siku ya pili, wengine wakishamaliza, watu wasije wakasema waliochinja ndio waliojigawia nyama. Mwenye kuilinda sheria hiyo kwa ukali kuliko wote alikuwa Marouane, mkuu wa mabanda. Marouane wake.

"Keti kidogo," Bi Vialat, mkubwa wa wale wa Lyon, alimwambia huku akipokea gilasi ya chai ya nanaa. Alikuwa mama mtu mzima mwenye mvi fupi na viatu vya kiume. "Tangu jana sijakuona umekunja goti."

"Nimezoea, Bi."

"Mazoea ya ubaya hayo. Nina jambo nataka kukuuliza." Akafungua kitabu palipokunjwa ncha. "Huyu unamjua?"

Marouane alikuwa anacheka kwenye karatasi. Oumnia aliuhisi uso wake ukipata moto, akajifanya anapanga gilasi.

"Namjua. Yuko kwenye kamati."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Ni mtu wa kweli," Oumnia akasema. Neno lilitoka haraka kuliko alivyotaka.

"Ndivyo nilivyomwona. Basi nifurahie na wewe, maana umetulea vizuri siku mbili hizi. Tunamchukua. Tumezungumza naye saa saba, wewe ulipokwenda kutuletea chakula. Nimeshapiga simu ofisini, wamekubali. Ataanza Lyon mwezi wa tisa." Bi Vialat akapuliza chai yake. "Wengi hapa huniambia, nitauliza nyumbani kwanza. Huyu hapana. Yuko tayari kuhama hata kesho."

Oumnia alisema jambo la heshima, hata mwenyewe hakulisikia. Akachukua sinia. Akatoka nayo, akaitua kwenye banda la jirani, akaondoka.

* * *

Alimtafuta Marouane banda hadi banda. Kwenye banda la watu wa saruji alikutana na Wiam, rafiki yake wa darasa moja, skafu imemwenda upande na mkono umejaa kalamu za bure.

"Wee dada, unakwenda wapi na uso wa mahakama? Saa kumi tunafunguliwa sisi! Wasifu wako uko wapi, nikushikie nafasi kwa watu wa tramu?"

"Sina."

"Huna nini?"

"Sikuandika, Wiam."

Wiam alisimama, kalamu mbili zikamdondoka. "Umetusahihishia sisi mia mbili na kumi, ukanirekebishia hata jina la babu yangu, na wako hukuandika? Mganga hajigangi kweli! Ulikuwa unangoja nini?"

"Marouane yuko wapi?"

"Nyuma ya jukwaa kubwa, anagombana na viti. Oumnia, ngoja..."

Hakungoja.

Marouane alikuwa nyuma ya turubai anapanga viti vya plastiki kimoja juu ya kingine, tai ameitupia begani, mkononi amevaa mviringo wa utepe wa gundi kama bangili. Alimwona, akatabasamu. Kisha akauona uso wake, na tabasamu likaondoka lenyewe.

"Nani amekufa?"

"Saa saba ulikuwa wapi?"

Alitua kiti taratibu. "Nilitaka kukuambia."

"Lini? Kesho, sukari ikishavunjwa? Au mwezi wa tisa, kutoka uwanja wa ndege?"

"Jioni hii. Wallahi, jioni hii tungekwenda kwenye ukuta wa mto, nikuambie."

"Jana ulimtoa mwanakamati mwenzetu Yassir kwenye foleni kwa kola. 'Wanakamati mwisho!' Ulipaza sauti mpaka walimu wakageuka. Leo wewe mwenyewe umeingia banda la kumi na saba jua la utosi, na mimi nimekwenda kuleta chakula chao na mkate wako. Nilikuwekea, Marouane. Uko pale ndani ya karatasi. Wa dagaa, unavyopenda."

"Sikwenda mwenyewe. Niliitwa. Walinitaja jina."

"Na ukaitika."

"Nikaitika."

"Umekula chumvi ya mama yangu. Ulikaa kwenye mkeka wake, ukamwangalia machoni, ukasema, Lalla, sitaivuka bahari na binti yako. Hakuna aliyekuminya shingo."

"Na wewe je?" Sauti yake ilipanda ghafla, hata mtu aliyekuwa anapita na ngazi akachungulia, akajifanya hakuona. "Mlango si ulinifungulia wewe?"

"Mlango gani?"

Marouane alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imechanwa kutoka kwenye kitabu.

"Ukurasa huu nani aliuweka? Mimi sikuleta ukurasa. Siku ya mwisho ya kuleta nilikuwa uwanjani na mvua, naokoa mahema. Nilishasamehe. Nikasema, mwaka huu basi, nitatafuta mwenyewe mtaani. Leo mama yule ananiita kwa jina, nafungua kitabu, najikuta ndani."

Oumnia hakuwa na pa kujificha. "Mimi," akasema. "Sikutaka ukose. Ulikuwa umelowa mpaka mifupa kwa ajili yetu sote. Nikauchukua ukurasa wako wa mwaka jana kwenye kompyuta ya kamati, nikabadilisha namba ya simu, nikaongeza masomo, nikatia picha mpya. Nilitaka watu wa tramu ya Casablanca wakuone. Ilikuwa zawadi."

"Nilijua ni wewe. Unajua nimejuaje?" Akaifunua karatasi. "Picha. Hii picha haipo kwa mtu mwingine."

Oumnia aliitazama. Ilipigwa Ouezzane, majira ya kuvuna zeituni, siku aliyokwenda kusalimia kwao Marouane. Alikuwa ameikata ili abaki Marouane peke yake. Lakini pembeni, karibu na bega la Marouane, kilibaki kipande cha kitambaa cha kijani, kidogo kama ukucha. Skafu aliyovaa Oumnia siku ile.

"Nikajua ni mkono wako," Marouane akaendelea, sauti imeshuka. "Halafu nikasoma chini."

"Chini kuna nini?"

Akamwelekeza kwa kidole. Kila ukurasa wa kitabu kile huishia na swali moja, kwa herufi ndogo. *Uko tayari kufanya kazi nje ya nchi?* Chini ya picha ile ya kucheka, jibu lilikuwa limeandikwa. *Ndiyo. Wakati wowote, mahali popote.*

Oumnia alisoma mara mbili. Yalikuwa maneno ya mwaka jana. Ya kabla ya Ouezzane na kabla ya mkeka wa mama yake. Siku ile alibadilisha vya juu vyote kwa upendo, kimoja kimoja, na mstari wa chini hakuutazama, kwa kuwa mchapaji alikuwa mlangoni ameshika funguo za gari. Kurasa za watu wengine wote alizisoma mpaka nukta. Huu mmoja aliusoma kwa moyo, na moyo hauna miwani.

"Nilidhani umenipa ruhusa," Marouane akasema. "Nilidhani umeshindwa kuniambia kwa mdomo, ukaniambia kwa karatasi. Kabla ya kwenda kwa yule mama nilikaa kwenye ngazi za maktaba, nikalia kama mtoto. Nikasema, huyu msichana ameona kitu ambacho mimi nakificha moyoni."

"Sikuona kitu," Oumnia akanong'ona. "Nilisahau tu kusoma."

Upande wa pili wa turubai kipaza sauti kilikuwa kinawaita wenye gari jeupe lililoziba njia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Oumnia aliliwaza hilo, lakini wakati huo huo lilimchoma jingine.

"Kitu gani unakificha?"

"Achana nalo."

"Kitu gani, Marouane?"

Alikaa juu ya rundo la viti, akawa anauzungusha ule utepe wa gundi kwenye kifundo cha mkono. "Wanajenga daraja juu ya bonde. Nguzo moja tu ni ndefu kuliko Mnara wa Hassan hapa Rabat mara tano. Upepo wa kule juu una wazimu, kila kipande kinapandishwa usiku... hapana, alfajiri, upepo ukilala, na mtu wa hesabu ndiye anayesema sasa, pandisheni." Macho yake yalikuwa yameshaondoka pale uwanjani. "Kwetu mto ukijaa tulikuwa tunavushwa mgongoni kwenda shule. Mjomba wangu anavusha mmoja, anarudi kuchukua mwingine. Mwaka mmoja alirudi, akakuta..." Akauvuta utepe kidogo, akaurudisha. "Ningejifunza kule, Oumnia, hakuna bonde kwetu ambalo lingenitisha."

Oumnia hakuyasikia maneno sana. Alikuwa anautazama uso wake. Mwaka mzima alikuwa anafikiri Marouane amechoka, ni mambo ya mahema, ni mitihani. Kumbe taa ya uso huo ilikuwa imezimwa kwa makusudi, na aliyeizima ni Marouane mwenyewe, ili akae vizuri kwenye mkeka wa Lalla Zhor.

"Yule mama amenipa mpaka kesho saa sita," Marouane akasema. "Sema neno moja tu. Sema, baki. Nitakwenda sasa hivi nimwambie hapana, na kesho mama yangu atakuja na sukari yake kama tulivyopanga. Sitakulaumu."

"Utanilaumu."

Marouane alikuwa mtu wa kweli, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. "Sitakulaumu kwa mdomo," akasema.

Oumnia alicheka, na machozi yakatoka palepale. Marouane akainuka kuyafuta, yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Sisemi baki. Nenda pia sisemi. Si mimi uliyeniapia, ulimwapia mama yangu. Utamwambia yeye, leo, kabla mama yako hajapanda basi. Sukari isivuke kizingiti chetu na uongo ndani yake."

"Akinifukuza?"

"Atakuwa amekufukuza."

"Na wewe utafanya nini akinifukuza?"

"Chukua tai yako," Oumnia akasema. "Tufunge mabanda."

* * *

Kwenye tramu ya kuvuka mto walikaa kiti kimoja, begi la Oumnia katikati yao. Kitabu kilikuwa magotini mwa Oumnia. Jua lilikuwa bado juu ya maji, wavulana wa Salé wanaogelea chini ya daraja, na Marouane, ambaye siku zote hulitazama daraja lile na kumweleza jambo juu yake, siku hiyo alitazama viatu vyake.

Lalla Zhor alikuwa sebuleni na kazi yake. Alikuwa mjane aliyesomesha watoto wawili kwa kusokota vifungo vya hariri vya kanzu, na vidole vyake viliweza kusokota huku yeye analala. Aliwaona wawili mlangoni, akainua nyusi.

"Wewe siku yako si kesho? Au umekuja kuniambia mjomba hana meno kweli?"

"Anayo, Lalla," Marouane akasema. Akaubusu mkono wake, akakaa kwenye ukingo wa godoro kama mtu aliyekuja kuazima. "Nimekuja na neno."

"Chai kwanza."

"Nikinywa chai yako kwanza sitaweza kulisema."

Vidole vya Lalla Zhor vilisimama. Kisha vikaendelea. "Haya. Sema."

Alisema yote. Hakujipamba. Alisema kuhusu banda la kumi na saba, kuhusu daraja, kuhusu kesho saa sita. Lalla Zhor alimaliza kifungo kimoja, akakata uzi kwa meno, akaanza kingine.

"Mama, kosa ni langu," Oumnia akaingilia. "Ni mimi niliyeutia ule ukurasa, nikaacha maneno ya zamani. Yeye hakuandika."

"Mkono ulioandika ni wako, nimesikia. Miguu iliyokwenda ni ya nani?"

"Yangu, Lalla," Marouane akasema.

"Na nikikuuliza hapa, ndani ya nyumba yangu, unataka kwenda?"

"Nataka."

"Na binti yangu?"

"Namtaka."

"Mshika mawili, baba, moja humponyoka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja leo, nikiwa bado nimeshika yote mawili. Ningeweza kuja kesho na sukari, nikanyamaza."

Lalla Zhor aliupitisha uzi kidoleni. Alipoanza kusema hakupaza sauti, akasema kama anayehesabu vifungo.

"Anouar alikuwa na ulimi mzuri kama wako. Miaka miwili tu, Mama, nirudi nikujengee ghorofa. Sikumkatalia. Nilimkaangia mikate ya njiani. Baba yake alipokufa hakupata ndege. Jirani yetu alishika simu juu ya kaburi ili mwanangu aone udongo unavyomwagwa. Simu ikazimika kabla ya dua, chaji imekwisha. Mpaka leo Anouar ananiuliza, Mama, walimaliza vizuri? Kila akipiga. Walimaliza vizuri?" Uzi ulikuwa umejifunga fundo, akawa anaufungua kwa ukucha. "Sasa niambie, mimi mwenyewe nitamwagiwa udongo mbele ya nani?"

Marouane aliinamisha kichwa.

Saa ya ukutani iligonga. Kupitia mlango wa jikoni, Oumnia aliliona bakuli kubwa la udongo limefunikwa kwa kitambaa. Dengu zilikuwa zimeshalowekwa. Za watu watano.

"Lete hicho kitabu," Lalla Zhor akasema.

Kusoma kwake kulikuwa kwa kushikilia neno kwa kidole, lakini picha hazina shule. Marouane alimfungulia ukurasa. Lalla Zhor aliuweka mbali, akausogeza karibu.

"Skafu hii ni yangu," akasema. "Ile ya kijani. Ulisema imepotea."

"Nilisema nimeiazima, Mama."

"Ulisema imepotea." Akafunua mbele, akafunua nyuma. Nyuso za wanafunzi zilipita chini ya kidole chake, mmoja baada ya mwingine, wote wamechana nywele. "Na wewe uko wapi? Nikuone na wewe."

"Simo, Mama."

"Humo vipi? Kitabu si chako? Miezi mitatu umeniacha na vyombo kwa sababu ya kitabu."

"Nilitengeneza kurasa za wenzangu."

"Na wako?"

Oumnia alitazama mikono yake. Swali hilo aliulizwa na Wiam akalikimbia. Alijiuliza mwenyewe, mara ngapi, akalikimbia pia. Kila alipokaa kuandika, aliandika jina, akaandika mwaka wa kuzaliwa, akaandika masomo na tuzo aliyopata, na kila mara alifika mahali pamoja na kuifunga kompyuta.

"Kuna swali chini ya ukurasa," akasema. "Wanauliza kama uko tayari kwenda nje ya nchi. Wote wanajibu. Ni lazima kujibu." Akaweka kidole chini ya ukurasa uliokuwa mkononi mwa mama yake. "Ningeandika nini pale chini, Mama?"

Lalla Zhor alikuwa amekishika kitabu kimefunguka, na uzi wa hariri ulikuwa unamponyoka magotini, unajikunjua wenyewe mpaka sakafuni, na hakuuokota. Alimtazama binti yake kama mtu aliyeufunga mlango kwa nia ya kuzuia mwizi, halafu akasikia mtu anagonga kutoka ndani.

Mwishowe alifunga kitabu.

"Wewe," akamwambia Marouane. "Mpigie mama yako. Mwambie kesho waje, kuskusi iko palepale. Waje wale. Ile sukari waiache Ouezzane."

Marouane alipauka. "Waiache, Lalla?"

"Waiache."

"Mpaka lini?"

"Nimesema waiache," Lalla Zhor akasema. "Sijasema waile."

Marouane akatoka uani kupiga simu. Dirisha lilikuwa wazi, nao wakamsikia mama yake, Lalla Yamna, akipiga kelele kutoka Ouezzane hata bila simu kuwekwa spika. Mabonge manne ya sukari ya posa ameshayafunga kwa karatasi ya buluu, utepe mwekundu ameshafunga, majirani wameshaona! Atawaambia nini watu? Na Marouane anasema tu, Mama, nisikilize. Mama, hawajakataa. Mama, sijui. Sijui, Mama.

Lalla Zhor aliinuka kwa kushika goti, akaenda jikoni.

Oumnia alibaki kwenye mkeka. Ndani ya begi lake zilikuwamo karatasi kadhaa za wasifu zilizobaki, tupu. Alitoa moja, akaiweka juu ya kitabu, akaandika jina lake. Akaandika mwaka. Akaandika chuo, masomo, tuzo. Uani, sauti ya Marouane ilikuwa imeshuka mpaka ikawa kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Kalamu ilitembea, ikatembea, ikafika pale.

"Umefika chini?" Lalla Zhor akauliza kutoka jikoni. Hakuwa amegeuka. Alikuwa amempa mgongo, kisu mkononi, boga mbele yake.

"Nimefika, Mama."

Kisu kikashuka kwenye boga, mara moja, mara ya pili.

"Paache wazi kwanza," mama akasema. "Njoo unimenyee hili. Macho yangu hayaoni."